Giakanja Ilijengwa kwa Jasho la Watu: Je, Nani Atakayeilinda?



Wako wanamageuzi wanaodhani kwamba ukombozi wa pili ulikuwa jambo la Nairobi peke yake. Wakiulizwa habari zake hutaja uwanja wa Kamukunji, Kona ya Uhuru, jumba la Ufungamano na milango ya Bunge. Hatuwakatai, maana damu iliyomwagika huko ni damu ya wenzetu. Lakini mti haupimwi kwa kelele za matawi yake siku ya upepo. Hupimwa kwa matunda. Atakaye kujua kama mageuzi yamezaa matunda na auache mji mkuu, apande matatu hadi Nyeri, kisha aelekee Tetu, ashukie Giakanja.

Giakanja ni kituo kidogo cha biashara kilomita chache kutoka mjini Nyeri, katika nchi ya vilima na mabonde inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Jina lake limebebwa mbali na shule yake ya sekondari kuliko na jambo jingine lolote. Hakuna kiwanda kikubwa huko, wala jumba la serikali la kujivunia. Ni mahali ambapo mkulima hununua chumvi na mbolea, mama huuza mboga, mzee husubiri gari la kumpeleka hospitali, na muumini hukutana na mwenzake Jumapili. Miji ya namna hii ni mamia katika Kenya yetu. Kwa sababu hiyo hiyo tunaiandikia tahariri: yaliyo kweli kwa Giakanja ni kweli kwa wengi wetu.

Nchi iliyozoea kutawaliwa kwa nguvu

Historia ya Tetu chini ya serikali za kisasa ilianza kwa bunduki. Mnamo Disemba 1902, afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, aliongoza kikosi dhidi ya watu wa Tetu, na katika siku hizo hizo ikaanzishwa ngome iliyozaa mji wa Nyeri. Watu wa hapa hawakuulizwa wanataka serikali ya namna gani. Waliletewa serikali, kisha wakaletewa machifu wa kuwaambia kwamba serikali imekwisha kuja.

Nyuma ya bunduki zilikuja misheni. Wamisionari wa Consolata walifika Nyeri mwaka 1903, na kazi yao pale Mathari ikakua hadi kuwa hospitali inayojulikana mpaka leo. Wapresbiteri wa Kiskoti walifungua Tumutumu mwaka 1908, nayo ikawa na shule na hospitali. Tusisahau kwamba huduma za kwanza za afya na elimu ya darasani katika nchi hii zililetwa na kanisa kabla serikali haijaona haja ya kuzileta. Lakini tusisahau vilevile kwamba wananchi hawakuridhika kuwa wapokeaji tu. Baada ya mzozo wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu kuhusu mila ya tohara ya wasichana, watu walijenga shule zao huru, wakawalipa walimu wao, wakaanzisha makanisa yao. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952. Hilo ndilo somo la kwanza la historia yetu: serikali isiyomwamini mwananchi huogopa hata darasa alilolijenga kwa mikono yake.

Tetu ndiko alikozaliwa Dedan Kimathi mwaka 1920, na humo humo ndimo alimokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Alihukumiwa mjini Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na hata kaburi lake wenyewe hawakuonyeshwa. Kila mtoto wa shule huyajua hayo. Ambalo halisimuliwi sana ni lile lililowapata waliobaki nyumbani.

Kati ya mwaka 1954 na 1955, Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja waliondolewa kwenye nyumba zao na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki, miti iliyochongwa ncha na minara ya walinzi. Nyumba za zamani zilichomwa au kubomolewa. Akina mama walitoka alfajiri wakisindikizwa na askari kuchimba handaki kando ya msitu na kutengeneza barabara bila malipo. Waliporudi palikuwa na saa chache tu za kutafuta chakula kabla ya amri ya kutotoka nje. Watoto walikufa kwa njaa na maradhi. Wazee walioyaona mambo hayo walisubiri hadi tarehe 6 Juni 2013 ndipo serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba inajuta, na kwamba watu 5,228 watalipwa. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Twalitaja jambo hili kwa sababu vijiji hivyo ndivyo vilivyozaa vituo vingi vya biashara vya Nyeri. Palipokuwa na kambi pakawa na duka, palipokuwa na duka pakawa na soko. Miji yetu midogo mingi haikuchaguliwa na wenyeji wake. Walisukumiwa humo, nao wakaamua kupafanya pawe nyumbani.

Ardhi iliyokatwa kwa kila mtu

Katika miaka hiyo hiyo serikali ya kikoloni iliendesha kazi ya kuunganisha mashamba na kuyapima, kulingana na mpango uliotungwa na Swynnerton mwaka 1954. Familia iliyokuwa na vipande vitano mahali mbalimbali ilipewa shamba moja. Kazi hiyo ilifanywa wakati maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini au msituni, na wengine wamekwisha kunyang'anywa ardhi yao kwa sheria. Aliyekuwapo, tena rafiki wa chifu, alijipatia mteremko mzuri karibu na mto. Aliyekuwa Manyani alirudi akakuta mpaka umehamishwa, au hakukuta kitu.

Lakini kuna jambo jingine katika upimaji ule ambalo kila mwanaharakati hana budi kulijua. Ili kupata mahali pa shule, soko, kanisa, josho la ng'ombe, njia na makaburi, sehemu ndogo ilikatwa katika ardhi ya kila mwenye shamba. Hakuna aliyesamehewa. Kwa hiyo kiwanja cha umma katika mji kama Giakanja si zawadi ya Mfalme wa Uingereza, wala ya Rais, wala ya chama. Ni ardhi ya babu na nyanya zetu, iliyokatwa kidogo kidogo kutoka kwa kila mmoja wao ili wote wafaidi. Anayejitwalia kiwanja hicho na kujenga duka lake la kukodisha haiibii serikali. Anaiibia kila familia ya mahali pale, mara moja.

Na wanyang'anyi wamekuwa wengi. Tume ya Ndung'u, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 za ardhi ya umma zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002, nyingi kabisa katika miaka 15 ya mwisho. Wakati wa baraza za wilaya za zamani, viwanja vya umma vilishikwa na madiwani kama amana ya wananchi. Madiwani wengine wakaila amana. Baraza hizo zilipokoma mwaka 2013 na serikali za kaunti kuchukua mahali pake, viwanja vingi vilivuka bila hati, bila ramani iliyosahihishwa, bila mlinzi ila kumbukumbu za wazee. Wazee wanaondoka. Tuliona wazi mnamo Januari 2015, pale Lang'ata jijini Nairobi, watoto wa shule ya msingi walipotupiwa moshi wa kutoa machozi kwa sababu ya kudai uwanja wao wa kuchezea. Kama hilo laweza kutokea jijini mbele ya kamera, je, mtoto wa shule ya kijijini atateteewa na nani?

Wako pia waliokosa kabisa. Hali ya hatari ilipokwisha, wenye mashamba walirudi mashambani, na wasio na shamba wakabaki katika vile vijiji. Wajukuu wao wangali humo katika sehemu nyingi za Nyeri, kwenye vipande vidogo vya ardhi ambavyo kwa miaka mingi havikuwa na hati yoyote. Kazi ya kuwapimia na kuwapa hati imeanzishwa na kusimama mara nyingi, na mara nyingi huamka uchaguzi unapokaribia. Watu hawa wamepiga kura katika kila uchaguzi wa vyama vingi tangu mwaka 1992. Haifai hata kidogo hati ya nyumba ya mjane igeuzwe chambo cha kuvulia kura.

Harambee na mijeledi yake

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, watu wa eneo hili hawakukaa kungojea Nairobi. Walifyatua matofali, wakachota mchanga mtoni, wakauza ndizi na kahawa ili watoto wasome. Akina mama wa vikundi vya mabati walichangiana fedha za vibarua ili kuezeka nyumba moja baada ya nyingine, hata nyasi zikatoweka mapaani. Tetu ndiko nyumbani kwa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akawathibitishia akina mama wa mashambani kwamba kitalu cha miche chaweza kuwa shule ya uraia. Alipigwa na kutukanwa na wakubwa, na mwaka 2004 dunia ikampa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Harambee ilikuwa sadaka ya watu huru. Chama kimoja kiliigeuza kodi. Katika miaka ya 1980 mwananchi alikatwa mchango kwenye malipo ya kahawa yake, akatakiwa kuonyesha kadi ya KANU sokoni, na akamwona ng'ombe au mbuzi wa jirani yake akichukuliwa na askari wa chifu kwa sababu hakutoa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, wazazi waliamrishwa kujenga karakana za shule kwa fedha zao. Kisha bei ya kahawa ikaanguka baada ya mapatano ya kimataifa kuvunjika mwaka 1989, na mwaka huo huo serikali ikaanza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali zake. Mkulima akabanwa pande zote mbili: mapato yalipungua, na huduma zikawa ghali.

Naye hakuwa na mahali pa kulalamika. Kifungu cha 2A kiliifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria tangu Juni 1982. Sheria ya machifu ilimpa mtu mmoja uwezo wa kukusanya nguvu za bure, kupiga marufuku mikutano na kumkamata amtakaye. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, na mshindi wa foleni fupi akatangazwa badala ya mshindi wa foleni ndefu. Macho yaliona, lakini midomo ilifungwa.

Kanisa liliposimama

Hapo ndipo kanisa lilipopaza sauti. Gazeti la Beyond la Baraza la Makanisa lilipigwa marufuku Machi 1988 kwa kuieleza mlolongo kama ulivyokuwa. Askofu David Gitari, huko jirani Kirinyaga, alihubiri dhidi ya wizi huo, na mwaka 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku. Mchungaji Timothy Njoya alianza mwaka 1990 kwa mahubiri yaliyouliza serikali ya chama kimoja itasimama hadi lini ilhali zile za Ulaya Mashariki zinaanguka. Askofu Alexander Muge aliaga dunia barabarani Agosti mwaka huo, siku chache baada ya kutishwa hadharani na waziri. Kamati za haki na amani zikaanza kufundisha parokiani mambo ambayo baraza la chifu halikuthubutu kuyataja. Disemba 1991 Kifungu cha 2A kikafutwa.

Mkoa wa Kati ulipiga kura ya upinzani mwaka 1992 na 1997, nao ukaadhibiwa. Msemo wa mtawala wa siku hizo, kwamba siasa mbaya ni maisha mabaya, ulitekelezwa kwa barabara zilizoachwa kuoza na zahanati zilizokosa dawa. Ni sharti tuliseme jambo hili bila kigugumizi, kwa kuwa wako leo wanaotushauri kwamba mwananchi mwerevu ni yule anayekaa upande wa serikali ili aletewe lami. Ushauri huo ni ule ule wa zamani, umebadilishiwa kanzu tu. Dawa katika zahanati si shukrani ya kura. Ni haki iliyolipiwa kwa kodi.

Twakiri kwamba ushindi wa mwaka 2002 ulileta nafuu. Masomo ya shule za msingi yakawa bila karo mwaka 2003. Ada ya zahanati ilipunguzwa mwaka 2004 hadi shilingi 10, na ile ya kituo cha afya hadi shilingi 20, kisha zote mbili zikafutwa mwaka 2013. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, iliyoundwa mwaka 2003, ilijenga madarasa mengi. Lakini wengi waliopanda jukwaani wakiitwa wanamageuzi waligeuka waheshimiwa wa mtindo ule ule: mradi ukapakwa jina la mbunge, kamati ikajazwa jamaa zake, na mwananchi akarudishwa kwenye kazi ya kupiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Silaha tulizopewa

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha mambo ambayo hata Kimathi hakuyaona. Kifungu cha 43 chasema kwamba afya, maji safi, chakula, makao na elimu ni haki. Kifungu cha 201 chataka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma. Jedwali la Nne laipa kaunti kazi za zahanati na vituo vya afya, barabara za kaunti, masoko, maji, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa ni lazima yapelekwe kwenye kaunti. Maana yake ni kwamba mwananchi wa Giakanja hana haja tena ya kupeleka ujumbe Ikulu ili aombewe mfereji. Mwenye kuulizwa yuko Nyeri, umbali wa nauli ndogo.

Lakini haki isiyotumiwa hushika kutu. Kila mwaka sheria huweka tarehe: mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, karatasi ya sera ya fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mara nyingi kikao cha maoni huitishwa kwa tangazo la haraka, siku ya kazi, na hujazwa na wale wale walioletwa kwa gari. Baadaye huandikwa kwamba wananchi walishirikishwa. Mlolongo wa mwaka 1988 ulikuwa wizi wa kura mchana. Kikao cha namna hii ni wizi wa sauti mchana. Tofauti ni kwamba mara hii waweza kuuzuia kwa kufika tu.

Wito wetu

Twawaomba basi wanaharakati na waumini wa kila mji mdogo, Giakanja ikiwa ya kwanza, wafanye mambo manne.

Kwanza, kila kanisa lichague watu watatu, mmoja wao kijana na mmoja wao mama, waandike orodha ya kila kiwanja cha umma cha mahali pale: shule, soko, zahanati, josho, makaburi, chanzo cha maji. Wawakalishe wazee na kuwauliza mipaka kabla hawajatuacha. Kisha waende kwenye ofisi ya ardhi kuuliza hati iko kwa nani. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari yaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Ombi liandikwe, na nakala itunzwe.

Pili, zile tarehe tatu za bajeti zitangazwe kanisani kama yanavyotangazwa mazishi na ndoa. Watu wakutane kabla ya kikao, wapatane juu ya mahitaji mawili au matatu, kisha waende pamoja na karatasi moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, wakazi wa vijiji vya hali ya hatari wasiachwe peke yao. Mwenye shamba ekari tatu asiseme hilo ni tatizo la watu wa kijijini. Wazazi wao walichimba handaki moja na wazazi wake. Orodha ya wasio na hati ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi kwa maandishi, na jibu lake lisomwe mbele ya watu, iwe uchaguzi uko karibu au uko mbali.

Nne, kanisa lisiuze madhabahu. Mwanasiasa aletaye bahasha Jumapili aulizwe Jumatatu dawa za zahanati zilikwenda wapi. Kanisa lililokataa kunyamaza wakati wa vitisho haliwezi kunyamazishwa kwa noti mpya. Nehemia hakuujenga ukuta wa Yerusalemu kwa michango ya maadui zake. Kila familia ilijenga mbele ya nyumba yake, jembe mkono mmoja na silaha mkono wa pili.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba siasa ya kweli ni kugawana madaraka kule juu. Twawajibu kwamba wakoloni waliijua siri ambayo wao wameisahau. Walipotaka kuuvunja moyo wa watu wa Tetu hawakuanza na mabunge. Walianza na shule, nyumba, njia na shamba. Nasi tukitaka kuwa huru kweli, tuanzie hapo hapo. Hati ya uwanja wa shule, maji katika mfereji, muuguzi aliye kazini, na mjane aliye na karatasi ya kipande chake: hayo ndiyo mageuzi. Mapambano yanaendelea.